BUSTANI YETU: Mdagu, Ua la Nchi Kavu

Msomaji wetu mmoja wa upande wa Machakos ameandika barua yenye swali ambalo naona lastahili kujibiwa mbele ya wasomaji wote, maana si lake peke yake. Asema kwamba alinunua kando ya barabara mti mfupi wenye shina nene na maua mekundu, akaupanda mbele ya nyumba yake katika udongo mzuri wenye samadi nyingi, akaunywesha maji asubuhi na jioni kama anavyoinywesha mboga yake. Baada ya majuma sita shina lililainika kama ndizi iliyoiva mno, na mti ukaanguka. Sasa auliza ni ugonjwa gani huo, na dawa yake ni nini.

Jibu langu la kwanza ni fupi. Mti ule haukuugua; ulizamishwa. Jina lake ni mdagu, nao umeumbwa kuvumilia kiangazi, si kukaa katika tope. Lakini liko jibu la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Mti mnene namna ile uuzwao barabarani, mara nyingi haukupandwa na mtu yeyote. Umechimbwa porini. Kwa hiyo juma hili nataka tuzungumze juu ya mdagu: ni mti gani, kwa nini haifai kuuchimba, na jinsi kila mwenye mkebe mmoja na mchanga kidogo awezavyo kuupanda mwenyewe kwa mbegu akapata mti ulio bora kuliko ule wa kuchimbwa.

MDAGU NI MTI GANI

Kwa Kiswahili huitwa mdagu, na wengine huuita mwanja. Wataalamu wa mimea huuita Adenium obesum. Watu wa mijini wameuzoea kwa jina la waridi la jangwani, ingawa hauna udugu wowote na waridi. Jamaa yake hasa ni ile ya mbungo, ambao matunda yake huliwa sana pwani. Na ya mtandamboo, ambao watoto wachungao mbuzi wanaujua kwa matunda yake matamu. Na ya msunguti, ambao ni maarufu kwa sumu ya mishale. Basi huu ni ukoo wenye watoto wa tabia mbalimbali: mmoja hulisha, na mwingine huua. Mdagu umefuata upande wa msunguti, kama tutakavyoona.

Mti huu humea wenyewe katika nchi kavu za Afrika, tangu Senegali upande wa magharibi hata Somalia upande wa mashariki, kisha hushuka Kenya na Tanzania. Na ng'ambo ya bahari huonekana Yemeni na Omani. Hapa Kenya msafiri atauona Tsavo na Taita, katika nyika iliyo nyuma ya pwani, na huko Samburu, Baringo na Turkana. Hupenda mahali penye mawe na mchanga, ambapo maji ya mvua hayatuami.

Mtu wa kwanza kuuandika katika vitabu vya elimu ya mimea alikuwa Peter Forsskål, aliyesafiri kwenda Uarabuni pamoja na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Forsskål alikufa kwa homa huko Yemeni mwaka 1763. Katika watu sita wa msafara ule alirudi kwao mmoja tu, Carsten Niebuhr, naye ndiye aliyeyapiga chapa maandishi ya marehemu mwaka 1775. Forsskål ndiye aliyeuita mti huu obesum, maana yake 'mnene', na jina la Adenium, lililowekwa mwaka 1819, latokana na mji wa Aden. Hivyo hata katika jina lake la Kilatini mti huu umebeba habari za nchi za kwao.

Unene wake ndio siri yake. Sehemu ya chini ya shina, pamoja na mizizi mikubwa, hufura kama mtungi, na ndani yake mti huweka akiba ya maji. Jua likizidi, hupukutisha majani yake yote ili usipoteze maji hayo, ukabaki umesimama mtupu kama kisiki. Mtu asiyeujua hudhani umekufa. Kisha, katika kiangazi kile kile, wakati vichaka vyote vimekuwa rangi ya vumbi, ncha za matawi hutoa maua. Kila ua lina umbo la tarumbeta yenye pande tano zilizofunguka, kingo zake nyekundu au za rangi ya waridi, na koo lake jeupe. Ni vigumu kupata katika bara letu kavu kitu kingine kipendezacho macho namna hiyo mwezi ambao hakuna hata jani bichi.

WALIVYOFANYA WATU WA MBALI

Uzuri huo haukufichika kwa wageni. Leo mdagu hupandwa kwa wingi Thailand, Taiwan, India na Indonesia. Wakulima wa huko wamechagua mbegu mwaka baada ya mwaka na kuchanganya aina, hata wamepata maua meupe, ya manjano, mekundu karibu na weusi, na yenye tabaka mbili au tatu kama waridi la kweli. Huko Indonesia huuita kamboja Jepang, yaani kamboja ya Kijapani, kamboja ikiwa ni mti mwingine wa maua wa ukoo huo huo. Mti wa kwetu umepewa jina la Japani, nchi ambayo mdagu haukuota kamwe wenyewe!

Nataka msomaji atazame jambo moja hapa. Ile midagu minene ya kuvutia iuzwayo Bangkok haikuchimbwa porini, kwa sababu huko hakuna pori lenye midagu. Iliwalazimu watu wale kuanza na mbegu, na kwa kuanza na mbegu wakajifunza kuulea mti tangu utoto wake, kuupogoa, kuuinua mizizi na kuunenepesha. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tulio na mti wenyewe nyuma ya nyumba tumeona ni rahisi kuchukua jembe na sururu. Ndiyo maana wao wana biashara, nasi tuna mashimo.

KWA NINI TUSIUCHIMBE

Sababu ya kwanza ni ya faida ya mnunuzi mwenyewe. Mdagu mkubwa hauchimbwi bila kukatwa mizizi mingi, na kila mahali palipokatwa ni mlango wa kuoza. Mchimbaji hana nafasi ya kuuanika mpaka jeraha likauke. Ataka kuuuza leo. Mnunuzi naye huupanda upesi katika udongo mnono na kuumwagia maji. Uozo huanza chini, mahali pasipoonekana, na juu mti huendelea kutoa maua kwa akiba iliyomo shinani. Siku shina litakapobonyea kwa kidole, mambo yamekwisha.

Sababu ya pili ni ya nchi. Mti wa porini hukua polepole sana, kwa kuwa hupata mvua kidogo na katika mawe hakuna chakula kingi. Shina nene lililopakiwa katika gari kwa dakika kumi limehitaji miaka mingi kufika hapo. Tena mti huo ndio mzazi. Ukiondolewa, hakuna maganda, na pasipo maganda hakuna mbegu, na pasipo mbegu mahali pale patakuwa pa mawe matupu. Tulikwisha kuona jambo la namna hiyo kwa mshubiri. Utomvu wa mshubiri wa porini ulivunwa ovyo katika nchi zetu kavu, hata mwaka 1986 Rais Moi akaupiga marufuku uvunaji huo. Si vizuri kungoja amri ya namna hiyo ndipo tutie akili. Na kuhusu mbuga za hifadhi, hapana la kungoja: kuchukua mmea wowote ndani yake bila ruhusa ni kosa.

Sababu ya tatu ni ya yule kijana achimbaye. Simhukumu, maana najua kwamba mwenye njaa hutazama kilicho karibu. Lakini na afanye hesabu. Mti mmoja aliouchimba atauuza mara moja tu, kisha kesho itambidi atembee mbali zaidi kutafuta mwingine. Sasa tuseme aliuacha mti ule mahali pake, akachukua ganda moja lenye mbegu 60. Tuseme 20 hazikuota, na miche 10 ikafa kwa sababu hii au ile. Amebakiwa na miti 30, iliyo katika mikebe yake, mlangoni pake. Mama wa miti hiyo bado yuko porini, na mwaka ujao atazaa tena. Kati ya watu wawili hawa, ni nani mwenye mali?

ONYO JUU YA SUMU

Kabla hatujashika kisu wala mbegu, yapasa kusema wazi kwamba mdagu una sumu. Utomvu wake, majani, shina, mizizi na mbegu, vyote vina sumu, na sumu hiyo huushika moyo. Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania hupika utomvu wa mdagu mpaka uwe mzito na mweusi, kisha huupaka katika mishale yao ya kuwindia. Mahali pengine katika Afrika utomvu huo umetumika kuvulia samaki. Mti ulio na nguvu ya kumwangusha mnyama si mti wa kuchezewa na mtoto.

Basi yashike haya. Chungu cha mdagu kisiwekwe mahali ambapo mtoto anayetambaa aweza kukifikia, wala karibu na zizi la ndama na mbuzi. Ukiukata, vaa mifuko ya mikono, au funga mikono kwa karatasi ya nailoni, na usijipanguse macho. Ukimaliza, nawa kwa sabuni, na kisu kioshwe mbali na vyombo vya jikoni. Matawi yaliyokatwa yafukiwe. Yasitupwe njiani wala yasitumiwe kama kuni za kuchomea nyama. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi na kumwona daktari. Mtu akila sehemu yoyote ya mti huu, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja aone kama atatapika, na mchukue kitawi cha mti ili daktari ajue ni kitu gani. Dawa za kienyeji za kunywa mdagu, usizijaribu kamwe.

Kwa kusema hayo sitaki kumtisha mtu. Twakaa na visu na mafuta ya taa nyumbani kila siku, kwa kuwa tumejua jinsi ya kuviweka. Mdagu nao ni hivyo hivyo.

KUPATA MBEGU

Matunda ya mdagu hutoka mawili mawili, yameungana chini na kuachana juu mfano wa pembe za mbuzi. Yakikomaa hugeuka rangi ya kahawia, kisha hupasuka kwa urefu. Mbegu zilizo ndani ni nyembamba, urefu wake hupata nusu inchi, na kila moja ina kishada cha manyoya ncha hii na ncha hii. Ganda likipasuka saa nne ya asubuhi, adhuhuri upepo umekwisha kuzichukua zote. Kwa hiyo uonapo ganda limeanza kubadili rangi, lizungushie uzi mara tatu au nne, au livike kipande cha chandarua kuukuu. Likipasuka, mbegu zitakungoja.

Kama unachukua mbegu porini, omba ruhusa ya mwenye shamba au wazee wa mahali hapo, na usichukue maganda yote ya mti. Acha angalau nusu yake yapasuke kwa upepo, maana pori nalo lina haki ya kupanda.

Aliye na mdagu mmoja tu nyumbani asishangae akiona maua mengi na hakuna ganda hata moja. Mara nyingi mti huu hauzai kwa chavua yake mwenyewe. Wahitaji mwenzake uliotoka katika mbegu nyingine. Basi ni vizuri majirani wawili wapande miti tofauti.

Mbegu za mdagu hazipendi kukaa. Zilizo mpya huota kwa wingi, na kadiri zikaavyo ndivyo zipunguavyo nguvu. Zipande mapema iwezekanavyo.

KUPANDA MBEGU

Tafuta chombo kisicho na kina kirefu, kama beseni lililovunjika au debe lililokatwa, ukitoboe matundu mengi chini. Changanya sehemu mbili za mchanga mkubwa wa mtoni na sehemu moja ya mboji iliyochekechwa. Mchanga wa baharini una chumvi, usiutumie. Lowesha mchanganyiko huo mpaka maji yatoke chini, kisha yaache yachuruzike.

Ondoa manyoya ya mbegu kwa vidole. Laza kila mbegu ubavu juu ya udongo, ukiacha nafasi ya inchi moja kati yake na nyingine, kisha uifunike kwa mchanga kidogo tu, usiozidi robo ya inchi. Mbegu iliyozikwa sana huoza. Weka chombo mahali penye joto na mwangaza, lakini si katika jua kali la adhuhuri. Nyunyizia maji kidogo kila siku ili udongo wa juu usikauke, na usiwe tope. Katika joto jema, mbegu mpya huanza kuota siku ya tatu hata ya saba.

Wakaao Mombasa, Voi au Garissa waweza kupanda karibu miezi yote. Lakini sisi wa Nairobi na nchi za juu tupande kati ya Septemba na Februari. Mbegu iliyopandwa Julai, wakati wa ukungu na baridi, itakaa udongoni mpaka ioze.

Mche wa mdagu waweza kutambulika tangu siku za kwanza, maana shina lake huwa nene kuliko urefu wake ungetazamiwa. Ukiwa na majani manne hata sita ya kweli, uhamishie kila mmoja katika mkebe wake. Uzoeze jua kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili. Ukitunzwa vizuri, waweza kutoa ua la kwanza baada ya mwaka mmoja hata miwili.

CHUNGU, UDONGO NA MAJI

Kwa mti uliokua, chungu kipana chenye kina kifupi ni bora kuliko kirefu chembamba, maana udongo wa chini katika chungu kirefu hukaa na unyevu siku nyingi. Matundu ya chini ni lazima. Changanya sehemu mbili za mchanga mkubwa au changarawe ndogo, sehemu moja ya udongo mwekundu wa kawaida, na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa. Chenga za makaa zikitiwa kidogo husaidia. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi, upasukao wakati wa jua na kunata wakati wa mvua, ni adui wa mdagu. Mwenye udongo huo katika kiwanja chake asipande chini. Apande katika chungu, au ajenge tuta la mawe na mchanga lililoinuka futi moja na nusu.

Kuhusu maji, kanuni ni moja: nywesha kwa wingi, kisha subiri. Tia maji mpaka yatoke chini, na usirudie mpaka udongo umekauka. Ingiza kidole, ukikuta unyevu, ondoka na maji yako. Wakati wa joto mti ukiwa na majani, huenda ukahitaji maji mara mbili au tatu kwa juma. Ukipukutisha majani katika majira ya baridi, mara moja kwa majuma mawili au matatu yatosha, tena kidogo. Mvua za masika zikiwa kubwa, sogeza vyungu barazani. Jua nalo haliepukiki. Mti uupatao saa sita za jua kila siku utachanua. Uliofichwa ndani ya nyumba utarefuka kama mtu mwenye njaa, usitoe ua.

Sasa twaja katika kazi ambayo ndiyo huwapa wenzetu wa mbali ile midagu inayostaajabiwa. Kila mwaka au kila mwaka wa pili, mwanzo wa majira ya joto, toa mti chunguni, punguza vijizizi vyembamba, uache majeraha yakauke siku chache kivulini, kisha uupande tena ukiwa umeinuliwa inchi moja juu kuliko ulivyokuwa. Hivyo mizizi minene itaonekana nje, nayo ikipata hewa na mwangaza itazidi kufura na kukomaa gome. Wakati huo huo kata ncha za matawi. Kila ncha iliyokatwa hutoa matawi mawili au matatu, na kwa kuwa maua hutoka nchani, ncha nyingi ndizo maua mengi. Miaka mitano ya kazi hiyo itakupa mti ambao mpita njia atasimama kuutazama.

VIPANDIKIZI NA KUBEBESHA

Wengine wataka kujua kama mdagu waweza kupandwa kwa tawi. Naam, waweza. Kata tawi la urefu wa inchi sita hata nane, osha utomvu, uliweke kivulini juma zima mpaka jeraha likauke na kufunga. Kisha lisimamishe katika mchanga mkavu kidogo, na maji yawe haba mpaka uone majani mapya. Faida ya njia hii ni kwamba mti utatoa ua lile lile la mama yake. Mbegu hazina ahadi hiyo, maana watoto wa mbegu hutofautiana kama watoto wa nyumba moja. Hasara yake ni kwamba mti wa tawi haufanyi lile shina la mtungi lipendezalo kama mti wa mbegu.

Kwa hiyo mafundi huzifunga faida mbili pamoja kwa kubebesha. Huchukua mche wa mbegu wenye shina zuri, uliopata unene wa kalamu ya risasi au zaidi, wakaukata kichwa, wakapasua ufa wenye umbo la V. Tawi la mti wenye ua walipendalo huchongwa kama kabari, unene wake ulingane na shina, likaingizwa katika ufa ule na kufungwa kwa ukanda wa nailoni. Mfuko mdogo wa nailoni hufunikwa juu ili unyevu usipotee, na mti huwekwa kivulini. Baada ya juma moja au mawili mfuko huondolewa, na majani yakitokea, kiungo kimeshika. Wembe uwe mpya na safi, na kazi ifanywe wakati wa joto. Ndiyo kazi inayofaa kijana mwenye mkono mtulivu. Na huenda mti mmoja ukabeba maua ya rangi mbili au tatu.

KUOZA NA WADUDU

Bonyeza shina kwa kidole kila juma. Likiwa gumu, ni salama. Likilegea kidogo baada ya kiangazi kirefu, na mikunjo ikaonekana, mti wahitaji maji. Lakini likilainika upande mmoja na rangi ikageuka kahawia, usingoje. Ng'oa mti, kata sehemu yote iliyooza kwa kisu safi mpaka uifikie nyama nyeupe, paka unga wa makaa au majivu makavu, uuanike kivulini majuma mawili, kisha uupande katika mchanga mkavu. Mti huu una akiba yake ndani. Hautakufa kwa kukaa bila udongo siku hizo. Wengi hupona.

Wadudu wake si wengi. Wakati wa ukavu, utitiri mwekundu huja chini ya majani na kuyafanya yawe na madoadoa ya manjano. Yaoshe kwa maji yenye nguvu kila siku kwa juma moja. Vidukari hushambulia vichomozo vya maua, na wale wadudu weupe kama pamba hujificha katika maungio ya matawi. Maji yenye sabuni kidogo, yakipakwa jioni na kuoshwa asubuhi, yatosha kwa wote wawili.

Basi, ndugu wasomaji, mdagu si mti wa matajiri wala si mti wa kigeni. Hauhitaji shamba wala mfereji, na katika nchi kavu, ambako mahindi hukauka yangali na urefu wa goti, wenyewe huchanua. Shule iliyo Kitui au Taveta yaweza kuwa na kitalu chake kwa gharama ya mikebe mitupu, na akina mama wa kikundi kimoja waweza kuuza miche mijini kila mwaka, ilimradi wawafundishe wanunuzi juu ya sumu na juu ya maji. Na anunuaye na amwulize muuzaji swali moja tu: mti huu umeupanda, au umeuchimba? Akiona mizizi iliyokatwa upya na udongo wa porini ungali umeshikamana nayo, na amrudishie. Siku mti wa kuchimbwa utakapokosa mnunuzi, sururu zitalala, na mbegu zitapata thamani yake.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kutengeneza mboji kwa takataka za jikoni, kwa kuwa wengi wameuliza. Kwa herini.